Acheni kumwambia mama wa kambini achemshe maji, wekeni dawa kwenye chemchemi

Kila mara kolera inapopanda Masisi na Walikale, tangazo ni lile lile. Linapita redioni asubuhi na jioni, linasemwa kwa megafoni sokoni, linarudiwa kanisani baada ya misa: chemsheni maji kabla ya kunywa. Tangazo linaisha, na mama aliyekimbia vita anabaki na bidoni yake ya litri 20, bila kuni, bila makala, bila sufuria ya pili. Siku mtoto wake akianza kuhara na kutapika, watu wanasema: si aliambiwa achemshe?

Kusema hivyo ni kumwonea. Ushauri wa kuchemsha maji si mbaya, na hakuna anayesoma haya aache kuchemsha kama ana uwezo. Ubaya ni kwamba ushauri huo umegeuka kuwa mahali pa kujificha kwa wale wanaopaswa kuleta maji safi. Maji ya kijiji kizima au ya kambi nzima husafishwa pale yanapochotwa, kwenye chemchemi, kwenye tangi, kwenye robine, na mtu mwenye kazi hiyo, kila siku. Mzigo huo hauwezi kutupwa juu ya mgongo wa mama mmoja mmoja na mafiga yake matatu.

Kuchemsha kunahitaji nini

Hesabu ni rahisi. Jamaa ya watu 7 inakunywa karibu litri 15 kwa siku. Watu wa kazi ya maji hukadiria kilo 1 ya kuni kwa kuchemsha litri 1. Basi mama huyo anahitaji kilo 15 za kuni kila siku kwa maji ya kunywa tu, kabla hajapika ugali wala sombe. Mwenye kununua makala atoe franka ambazo hana. Mwenye kwenda kutafuta kuni aende porini.

Na porini kuna nini, kila mtu Masisi anajua. Mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walitangaza kwamba katika kambi za pembeni ya Goma walikuwa wanatibu mamia ya wanawake waliobakwa, na wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Mtu anayesimama mbele ya wanawake hao na kuwaambia wachemshe maji, bila kuwapa kitu cha kuchemshia, anawarudisha porini.

Kuna jambo la pili ambalo tangazo halisemi. Maji yaliyochemshwa yanakuwa safi wakati ule yanapochemka, lakini hayana mlinzi baada ya hapo. Yakipoa na kumiminwa katika bidoni chafu, au mtoto akiingiza kikombe chenye mkono usionawa, uchafu unaingia tena na hakuna kinachouzuia. Katika hema ambamo watu 7 wanalala, wanapika na wanauguza pamoja, hilo halichukui hata siku moja.

Dawa ya maji inafanyaje kazi

Klori inaua vijidudu vya kolera, halafu sehemu yake inabaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda mpaka nyumbani. Mabaki hayo ndiyo yanayopimwa. Baada ya dakika 30, maji yanayotolewa kwa watu yanapaswa kuwa na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klori iliyobaki katika kila litri. Penye kolera, watu wa afya hutaka robine itoe kiasi cha juu, kwa sababu klori inapungua njiani na ndani ya bidoni. Utafiti uliofanywa katika kambi za wakimbizi za Sudan Kusini ulionyesha hivyo: maji yaliyotoka kwenye robine yakiwa mazuri yalifika saa ya kunywewa yakiwa na klori kidogo mno au hayana kabisa.

Kupima si kazi ya wanasayansi wa Kinshasa. Ni chombo kidogo cha plastiki na kidonge. Maji yakiwa na klori yanageuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klori ilivyo nyingi. Kijana aliyemaliza darasa la sita anafundishwa kazi hiyo asubuhi moja.

Lakini dozi haikisiwi. Maji ya chemchemi inayotoka kwenye mwamba na maji ya mto baada ya mvua si maji mamoja. Matope hula klori: dawa inapigana na udongo na majani yaliyooza, inaisha kabla haijafika kwa vijidudu. Ndiyo maana maji ya tope hutulizwa kwanza, au huwekwa dawa ya kukusanya tope likae chini, kisha huchujwa, ndipo klori itiwe. Na ndiyo maana mweka dawa anayejua kazi yake huanza na ndoo nne za maji ya mahali pale. Kila moja anaitia klori zaidi kidogo kuliko iliyotangulia, anangoja dakika 30, anapima zote, anachagua ile iliyobaki na klori inayotakiwa. Dozi ya ndoo hiyo ndiyo dozi ya chemchemi hiyo. Mvua kubwa ikinyesha, anaanza upya.

Watu wa Goma wanaijua kazi hii kwa macho. Wakati wa kolera, pembeni ya ziwa Kivu kunasimama vijana wenye ndoo ya dawa na sindano isiyo na ncha. Kila anayepita na bidoni anatiliwa dozi yake hapo hapo, bure, anaondoka. Januari 2025, vita ilipoingia mjini na umeme ukakatika, pompi za maji zilisimama na wakaaji wakarudi ziwani na bidoni zao. Kila mtu alielewa siku zile kwamba hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, kwa kuwa Goma ina kumbukumbu ya Julai 1994, wakati kolera na kuhara damu vilipoua karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda ndani ya wiki chache.

Kama inawezekana pembeni ya ziwa, kwa nini isiwezekane Nyabiondo? Kwa nini isiwezekane Kalembe, Pinga, Kibua, Itebero? Klori haiogopi barabara mbovu. Ndoo moja ya klori ya unga inapanda pikipiki. Gramu 15 za unga wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, zikiyeyushwa katika litri 1 ya maji, zinatoa dawa ya mama inayotosha bidoni nyingi za litri 20, kila moja ikitiliwa mililita chache tu. Kinachokosekana si teknolojia. Kinachokosekana ni mtu anayelipwa kusimama pale saa 12 asubuhi, na mtu wa pili anayeulizwa kama wa kwanza hakusimama.

Wanaosema watu hawaipendi klori

Jibu linalotolewa mara nyingi katika mikutano ni kwamba watu wa vijijini hawapendi harufu ya dawa, kwamba kuna maneno kuwa dawa inazuia kuzaa, kwamba hata ukiwapa vidonge wanaviweka pembeni. Maneno hayo yapo, ni kweli. Lakini yanatoka wapi? Mahali ambapo mtu anamwaga dawa bila kupima, leo maji yananuka mpaka mtoto anayatema, kesho hayana kitu. Mkaaji akiona hivyo anaacha kuamini, na ana sababu. Mahali ambapo mweka dawa anajulikana, ni mtoto wa kijiji, anapima mbele ya watu na anakunywa maji yale yale, maneno hupungua.

Ushahidi upo karibu. Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, watafiti walifuatilia chemchemi za vijijini kwa miaka kadhaa. Kwanza walijenga chemchemi vizuri, kwa saruji na tuyo. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, lakini ndani ya nyumba ulipungua kwa asilimia 24 tu, kwa kuwa maji yalichafuka tena njiani na ndani ya vyombo. Kisha walijaribu klori. Ilipouzwa dukani, hata kwa bei ya kupunguzwa, wachache sana waliinunua. Ilipowekwa bure pembeni ya chemchemi, katika chombo chenye bomba linalotoa dozi ya bidoni moja kwa mzunguko mmoja, na mtu wa kijiji akachaguliwa kukitunza, zaidi ya nusu ya nyumba ziliitumia. Watu walikuwa wale wale, harufu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba dawa ilikuwa bure, ilikuwa pale pale wanapochota, na ilikuwa na mlinzi.

Basi anayesema watu wa Masisi hawataki dawa ajibu kwanza: je, waliwahi kuwekewa dawa namna hiyo, bure, kwenye chemchemi, kila siku, kwa mwaka mzima?

Deni ni la nani

Katiba ya Kongo, kipengele cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa imehakikishwa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliondoa mamlaka ya Regideso peke yake na kuyapa majimbo na maeneo ya chini wajibu wa huduma ya maji. Kwenye karatasi, basi, kuna mwenye deni kila ngazi, kutoka Kinshasa mpaka usultani na sekta. Kwenye mtaro wa chemchemi hakuna anayeonekana.

Wanaoonekana ni mashirika ya kiutu, na wamefanya mengi. Bila wao watu wengi zaidi wangekufa. Mwaka 2023, katika miezi 7 ya kwanza, UNICEF ilihesabu zaidi ya wagonjwa 21,400 wa kolera katika Kivu Kaskazini peke yake, na ni magari ya maji na matangi ya mashirika yaliyoshika kambi zisiangamie. Lakini mradi una tarehe ya kuisha, na kiu haina. Robine inafunguliwa kwa ngoma na hotuba, picha inapigwa, bendera ya mfadhili inapakwa ukutani. Baada ya miezi 6 klori imeisha, kamati ya maji haina hata franka ya kununua robine mpya, na ukuta wenye bendera unabaki kama kaburi.

Mwaka 2025 ulionyesha wazi udhaifu huo. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari, na kazi nyingi za maji zikapunguzwa au kufungwa. Februari, kambi kubwa za pembeni ya Goma zilivunjwa na maelfu ya jamaa wakaambiwa warudi makwao. Wengi walishika njia ya Sake na milima ya Masisi, wakiacha nyuma robine za kambi, wakikuta nyumbani chemchemi zilizojaa majani na tuyo zilizokatwa. Machi, vita ilifika Walikale-centre yenyewe, na watu wakakimbilia msituni, ambako maji ni ya mto na ya vijito. Kwa jamaa hizo, kusema wasubiri mradi mwingine ni kusema wasubiri kolera.

Na tusidanganyane kwamba nchi hii ya milima haina kitu. Coltan ya Rubaya, katika Masisi, inakadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za coltan hiyo ziliwapatia M23 karibu dola 800,000 kila mwezi. Bisie, katika Walikale, inatoa bati linalouzwa ulimwengu mzima, na sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi ya madini ni ya eneo la chini ambamo mgodi unachimbwa. Upande mwingine, barieri za vikundi vya silaha hazihesabiki, na kila moja inamtoza mama anayekwenda sokoni.

Anayekusanya kodi anachukua pia deni la maji. Hilo linamhusu anayevaa kofia ya serikali, linamhusu muasi, linamhusu mzalendo wa barierini, linamhusu kiongozi wa sekta anayepokea redevansi. Mkaaji wa Walikale ana haki ya kuuliza katika asilimia 15 ile ni ngapi ilifika kwenye tuyo ya maji. Mkaaji wa Masisi ana haki ya kuuliza anayetawala leo kama klori ya mwezi huu imenunuliwa. Wanaotaka kuitwa viongozi waanze na bidoni moja ya maji yasiyoua.

Sheria ya vita pia iko wazi. Itifaki ya pili ya Geneva ya mwaka 1977, kipengele cha 14, inakataza kushambulia, kuharibu au kufanya visitumike vyombo vya maji ya kunywa vya raia. Anayekata tuyo, anayeiba pompi, anayemzuia mweka dawa barierini anavunja sheria hiyo, hata kama anasema anapigania watu.

Kinachodaiwa

Madai si makubwa, na hayahitaji mkutano wa kimataifa.

La kwanza: kila chemchemi na kila robine penye wagonjwa wa kolera iwe na mweka dawa anayelipwa, kutoka alfajiri hadi jioni, si kwa wiki mbili za dharura tu. Klori na vidonge vya kupimia viwekwe tayari kwenye zoni za afya kabla mvua kuanza, si baada ya watoto kujaa kituoni.

La pili: kipimo cha kila siku kiandikwe kwenye ubao pembeni ya robine na kisomwe redioni, kama vile bei ya maharagwe na ya mafuta zinavyosomwa. Ikiwa leo ni 0.5, watu wajue. Ikiwa ni sifuri, watu wajue pia, na jina la ofisi inayohusika litajwe.

La tatu: maji yawe mengi. Kipimo kinachokubaliwa na mashirika yote ni litri 15 kwa mtu kwa siku, robine moja kwa watu 250, na isizidi meta 500 kutoka nyumbani. Mtu anayepata litri 5 atakunywa na kupika. Hatanawa mikono, hata akisikia tangazo mara mia. Na vyoo viwe angalau meta 30 kutoka chemchemi.

La nne ni la wakaaji wenyewe, maana deni la viongozi haliondoi wajibu wa kijiji. Ng'ombe wasinyweshwe juu ya chemchemi ambayo watu wanachota chini. Wenye mashamba makubwa ya Masisi wanajua wanaambiwa wao. Bidoni zioshwe ndani na kufungwa kifuniko. Kamati ya maji itoe hesabu mbele ya watu kila mwezi, na wanawake, ambao ndio wanaochota, wakae ndani yake kama wenye sauti, wasiwe wa kufagia tu.

Mpaka hayo yafanyike, kila jamaa ijilinde kwa inavyoweza. Maji ya tope yaachwe yatulie, yamiminwe kupitia kitambaa safi, kisha yatiwe kidonge kama kipo, na kusubiriwa dakika 30. Kuni chache zilizopo zichemshe kwanza maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa. Chupa nyeupe ya plastiki iliyojaa maji maangavu, ikilazwa kwenye jua kali kwa saa 6, inasaidia. Siku za mawingu, ambazo ni nyingi milimani, ilazwe siku 2. Na anayehara maji kama ya mchele apewe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya mara moja na apelekwe, usiku au mchana. Kolera inaua kwa saa chache, lakini anayefikishwa mapema hupona.

Basi siku megafoni itakapopita tena kambini na sokoni, watu wasikilize hadi mwisho, kisha wamuulize anayeishika maswali matatu. Kesho asubuhi nani anaweka dawa kwenye chemchemi yetu? Anaanza saa ngapi? Kipimo cha leo ni ngapi? Asiyeweza kujibu arudi ofisini akatafute jibu, asimwache mama na sufuria tupu na lawama.